Feza ilikuwa inapita mkono wa mwingine

Mwaka jana mwezi wa kumi, jakaranda za hapa Lubumbashi zikiwa zinamwaga maua barabarani na sisi watu wa bustani tukiwa tunakimbizana na mvua, nilimpelekea kijana mmoja wa kazi maji ya kunywa, nikamuuliza hivi tu, maneno ya kupitisha muda, ile feza ya wiki iliyopita ulinunulia nini. Akaniangalia. Akaweka jembe chini taratibu, akasema, "Feza gani, Mama?"

Mimi nilikuwa nimelipa. Jumamosi tatu mfululizo nilituma kwa simu na kila mara ujumbe ulirudi kwamba imepokelewa, na kwenye kaye yangu, daftari la malipo, niliandika jina lake na tarehe, nikapiga mstari. Namba alinipa komisioneri, yule mtu wa kututafutia vijana wa kazi, ndiye aliyemleta, akasema ndiyo ya kijana. Na kweli ilikuwa ya kijana, laini iliandikishwa kwa jina lake kabisa, lakini laini yenyewe ilikaa ndani ya simu ya komisioneri, na kijana hakuwa na simu.

Nimekaa na hii habari miezi mingi bila kuiandika kwa sababu ya haya. Lakini najua wenzangu wengi wenye kazi ndogo kama yangu wanalipa vilevile nilivyokuwa nalipa mimi, wanaona ujumbe umerudi wanalala usingizi.

Kazi yangu ni ndogo kweli. Nilianza na pusipusi moja, yani toroli, na majembe mawili, sasa tuko watu saba pamoja na mimi, tunapanda pasipalamu, yale majani ya bustani, tunachimba mashimo ya miti, tunaleta udongo mweusi na wa kichuguu, tunamwaga gravie, yani changarawe, kwenye vijia vya watu, tunakata ua. Tunafanya mitaa ya Golf, Bel-Air, na zile nyumba mpya za kwenye barabara ya Kipushi. Sasa hii kazi iko na msimu wake. Kiangazi kikielekea mwisho, kila mtu anataka majani yawe ardhini kabla mvua za mwezi wa kumi na moja hazijakamata, na hapo watu saba hawatoshi, unapigia simu komisioneri, kesho yake asubuhi anakuletea vijana watano wamesimama kwenye geti na kila mmoja na mfuko wake wa plastiki. Huulizi wametoka wapi. Unaonyesha mahali pa kuchimba.

Na kitu kinachoniuma zaidi ni kwamba ile kazi yenyewe, palepale alipokuwa anachimba yule kijana, nilikuwa nimesaini karatasi ya kusema hatutumii utumwa. Ilikuwa parseli, yani kiwanja, ya nyumba za wafanyakazi wa kampuni moja ya kigeni, na mtu wao wa manunuzi alinipa kurasa mbili za Kifaransa nisaini. Nilisaini juu ya boneti ya gari yake, dakika mbili. Baadaye nilitafuta kujua ile karatasi inatokaga wapi. Uingereza walitunga sheria mwaka 2015 juu ya utumwa wa kisasa, na kampuni zenye mauzo kuanzia pauni milioni 36 kwa mwaka zinapaswa kutangaza kila mwaka zinafanya nini ili utumwa usiingie kwenye kazi zao na kwa wale wanaowauzia vitu. Kwa hiyo kampuni kubwa inamuuliza anayemuuzia, naye anamuuliza wa chini yake, karatasi inashuka, inashuka, mpaka inafika kwa mama wa pasipalamu hapa Lubumbashi, na mimi chini yangu niko na komisioneri ambaye hakuna aliyemuuliza kitu. Pale karatasi ikaishia. Kijana alikuwa mita kumi kutoka kwenye ile boneti.

Nilimwita komisioneri siku hiyohiyo jioni. Alikuja bila wasiwasi wowote, na yeye ndiye aliyetoa kaye yake mfukoni kunionyesha, yani aliona iko upande wake. Nilisoma ukurasa wa kijana. Tiketi ya treni tangu Kamina. Kulala. Unga, meka mbili. Blanketi moja. Tena unga. Mpini wa jembe uliovunjika. Laini ya simu. Na mstari mmoja niliusoma mara mbili: kutunza karte. Yani alimshikia kijana karte yake ya uchaguzi, ile ambayo hapa kwetu ndiyo kitambulisho chenyewe, ukisimamishwa barabarani ndiyo unaonyesha, alafu akawa anamuandikia deni kwa kazi ya kuishika. Nilitafuta jumla chini ya ukurasa. Hakukuwa na jumla. Kulikuwa na vitu na bei zake, na kila wiki vinaongezeka, lakini hakuna mahali palipoandikwa deni ni kiasi gani, umelipa kiasi gani, umebakisha nini. Nikamuuliza, huyu atamaliza lini? Akasema, "Akitumika muzuri, atamaliza tu."

Kijana nilimuuliza peke yake kesho yake, mbali na wengine, kwa nini hukuondoka. "Mama, nitaenda wapi? Karte iko kwake. Na alisema nikiondoka atapigia mujomba simu, deni itabakia kwa mama yangu." Hakufungwa kamba, hakupigwa. Asubuhi alikuja kwa miguu yake mwenyewe, jioni akarudi kwa miguu yake mwenyewe kwenye ile nyumba waliyolala watano chumba kimoja. Mtu akipita barabarani anaona kijana anachimba shimo la mwembe, basi.

Yaya yangu, mkubwa wangu wa kuzaliwa, ni mwalimu, nilimsimulia kwa simu usiku nikizunguka, nikisema mambo ya madeni, mambo ya matatizo ya vijana, akanikata: "Uite jina yake." Jina lenyewe linatisha kwa sababu sisi tukisikia utumwa tunafikiria minyororo, tunafikiria Bunkeya ya wakati wa mfalme Msiri na misafara ya pembe. Lakini sikiliza neno lenyewe: mtumwa ni yule anayetumwa. Anatumwa na mtu na hana njia ya kusema siendi. Shirika la Kazi Duniani limeandika alama 11 za kumjua mtu aliye kwenye kazi ya lazima, na nilipozisoma nilikuwa nahesabu na vidole: kunyimwa mshahara, kushikiwa kitambulisho, kufungwa na deni, kudanganywa, kutishwa, mtu kutumia shida yako kukukamata. Sita. Kwa kijana mmoja, kwenye kazi yangu mimi. Hesabu yao ya mwaka 2021 ilifika watu milioni 50 duniani wanaoishi kwenye utumwa wa kisasa, milioni 28 kati yao ni kazi za lazima na wengine ndoa za lazima. Ile namba zamani ningeisoma na kupita.

Na sheria yetu iko wazi, hatuwezi kusema hatukujua. Katiba ya 2006, kifungu cha 16, inakataza utumwa na hali yoyote inayofanana nao, inakataza kazi ya kulazimishwa. Sheria ya kazi ya 2002 inarudia kukataza kazi ya kulazimishwa mwanzoni kabisa. Mwisho wa 2022 ikaongezwa sheria ya kuadhibu biashara ya watu. Kongo ilikubali mkataba wa dunia dhidi ya kazi ya lazima tangu 1960, mwaka uleule wa uhuru, na ukijua historia ya huu mji unaelewa kwa nini hawakungoja.

Babu yangu mzaa baba alifika hapa bado panaitwa Élisabethville. Alisimuliaga kwamba aliweka kidole gumba kwenye kontra, yani mkataba wa kazi, ambayo hakuisoma, na alipotaka kurudi kwao aliambiwa hawezi. Nikiwa mtoto nilifikiri anazidisha. Haikuwa hivyo. Tangu 1910 kulikuwa na ofisi iliyoundwa kutafutia migodi watu wa kazi, Bourse du Travail du Katanga, na vijijini watu walikuwa wanatolewa kwa nguvu kupitia machifu. Dekre ya 1922, amri ya serikali ya wakoloni, juu ya kontra za kazi iliweka adhabu ya gereza, yani mtu mweusi akiacha kazi kabla kontra haijaisha anafungwa. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni kubwa ya migodi, waligoma juu ya mishahara, askari wakawafyatulia risasi kwenye uwanja wa mpira hapahapa mjini. Kwa hiyo nilipokuwa nashika ile kaye ya komisioneri niliona dekre ya 1922 imeandikwa upya kwa kalamu ya bic. Gereza halipo tena, mahali pake kuna karte iliyo mfukoni mwa mtu mwingine na deni lisilo na jumla, na kazi inayofanya ni ileile: usiondoke.

Kitu cha kwanza nilichotaka kufanya ni kumfukuza komisioneri na watu wake wote, nioshe mikono. Muzee wetu wa kazi, ambaye tuko naye tangu siku za pusipusi moja, ndiye alinizuia. Akaniambia, "Mama, ukimufukuza leo, bale batano balale kwake leo. Weye utakuwa safi, bao njo batateseka." Ni kweli kabisa. Zile karatasi za kampuni kubwa mara nyingi zinasema ukikuta tatizo tutakata kontra, na ukikata kontra yule kijana anabaki na deni lilelile kwenye kazi nyingine ambapo hakuna atakayemuuliza feza ulinunulia nini.

Tukafanya hivi. Karte kwanza. Kabla ya maneno mengine yoyote, mbele ya shefu wa mtaa na Muzee, karte tano zilirudi kwa wenyewe, na laini za simu pia. Alafu mshahara: wiki tatu za vijana watano nililipa tena, mkononi, kila mmoja peke yake, akahesabu. Iliniuma mfukoni, ule mwezi sikubakiwa na kitu, lakini feza niliyompa mtu asiye mwenyewe sikuwa nimelipa, nilikuwa nimepoteza. Tiketi ya treni tuliihesabu kwa bei ya tiketi kweli, nikamlipa komisioneri mimi, kwa sababu anayemtafuta mtu wa kazi ndiye anayepaswa kulipia kutafuta, mfanyakazi asikatwe hata franga moja kwa kuletwa kazini. Hiyo ya kutomkata mfanyakazi si akili yangu, iko kwenye mkataba wa Shirika la Kazi wa 1997 juu ya ofisi za kutafutia watu kazi. Kaye akaichana mwenyewe. Sikumuona kuwa shetani yule mtu, aliniambia na yeye alifika hapa hivyohivyo, na mtu aliyemleta alimshikia karte miaka miwili.

Vijana wawili walirudi kwao. Yule wa maji akabaki, yuko nasi mpaka leo, na Jumamosi ya kwanza aliyopokea alinunua simu ya vifungo ya bei ya chini kabisa akaja kunionyesha ameweka laini yake ndani.

Tangu hapo namna yangu ya kulipa imebadilika. Mtu mpya nalipa mkononi mwezi wa kwanza, na feza ya simu naituma nikiwa nimesimama naye, anaiona kwenye kioo chake, anasoma namba kwa sauti. Karte napiga picha narudisha palepale, haikai kwangu hata usiku mmoja. Kontra yetu iko kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, Muzee anaisoma kwa sauti maana wengine hawasomi, na ndani imeandikwa mtu anaweza kuondoka siku yoyote na atalipwa siku alizofanya. Avansi, malipo ya mbele, bado natoa, maisha ya hapa bila avansi hayaendi, mtoto akiugua usiku utamwambia mtu angoje mwisho wa mwezi? Lakini inaandikwa mara mbili, kwangu na kwenye kikaratasi chake, iko na jumla, inakatwa kidogokidogo, na mtu akiacha kazi hatumfuati kwa mama yake.

Kwa wanaoniuzia vitu ndiyo nilifungua macho zaidi. Pasipalamu ilikuwa rahisi, ni familia moja inang'oa kando ya dembo, lile bonde la maji, baba, mama na mashemeji, feza wanagawana mbele yangu. Mbolea ya kuku nilikuta vijana wawili wanalala ndani ya shamba na mlango unafungwa na kufuli kutoka nje, ufunguo anaenda nao mwenye shamba mpaka asubuhi. Alinijibu, "Ni juu ya bezi," yani wezi. Nikamuuliza, na moto ukiwaka? Alinyamaza. Sasa kufuli iko upande wa ndani, nilienda usiku bila kumwambia kuhakikisha, na ninaendelea kununua kwake.

Kuna na ile ya wateja, ambayo sijui kuisema bila watu kukasirika. Unaingia parseli nzuri, kuna kamtoto ka miaka kumi na mbili kanamwagilia maua tangu asubuhi, kanafagia, kanafungua geti, hakaendi shule, na mama mwenye nyumba anasema ni mtoto wa ndugu yetu wa kijijini, tunamlea. Pengine ni kweli anamlea. Lakini watoto wake yeye wako shule saa hiyo. Niliuliza mara moja, kwa heshima, huyu anasoma wapi, na sikuitwa tena kwenye ile nyumba. Nitauliza tena kwingine.

Lakini gravie ndiyo inaninyima usingizi. Ile mawe madogo tunayomwaga kwenye vijia, kwenye kamio, yani lori, inafika imeshakuwa rundo, safi, hesabu ya kamio moja. Nilienda kule inakotoka. Bamama wamekaa chini kwenye jua na watoto wao, nyundo mkononi, na kila mmoja ana kipete cha mpira uliokatwa kwenye chemba ya tairi, anakizungushia jiwe ili vipande visiruke, anapiga. Kuna mtoto wa kike, namuona kama miaka tisa, kipete chake kidogo kuliko cha mama yake, kimekatwa kwa kipimo cha mkono wake. Kuna mtu alikaa akakipima. Kope zake zilikuwa nyeupe ya vumbi, na kila akipiga alikuwa anafumba macho mapema kidogo kabla nyundo haijafika.

Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, mama yake alijua, lakini yunifomu si bure, kaye si bure, na bila mikono ya mtoto rundo halijai. Na rundo likijaa halilipwi. Mwenye kamio anachukua na kusema nitalipa ikiuzwa, wiki mbili, wiki tatu, kwa sasa anawakopesha unga, na unga unakatwa kwenye rundo linalofuata. Nikauliza kama mnaweza kumuuzia mwingine. Hapana, wako na deni lake. Ni kaye ileile, mtu mwingine ameishika, na mwisho wa ile njia kuna kijia changu kizuri na mteja anayesema Mama umefanya kazi safi.

Nilifikiria kununua gravie ya mashine. Ningekuwa safi, kama Muzee alivyosema, na huyu mama angebaki na deni lake na nyundo yake. Sasa nanunua moja kwa moja kwake na kwa wenzake watatu, kwa beseni, feza siku hiyohiyo mkononi, bei ya juu kuliko ya kamio, na deni lao la unga tumeliandika kwa jumla ili wajue linaisha lini. Sharti langu ni moja, batoto wasipige mawe. Wateja wawili waligoma kuongeza bei, mmoja akakubali baada ya kumuonyesha kipete, nilikiomba nikakibeba. Lakini mimi sikai kule. Siwezi kujua beseni lipi limejazwa na mkono gani nikiwa niko Golf napanda pasipalamu, na nguvu ya neno langu ni ile bei tu. Nadhani kinachosaidia kuliko vyote ni kwamba naonekana pale, siku ambayo hawakuiandaa, na nauliza kila mtu peke yake wiki hii umepata ngapi na umezifanyia nini.

Mama yule siku ya kwanza alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye kitenge, akaniuliza, "Sasa weye, utakuyaka, ao ni leo tu?"

Nikasema kila Jumanne. Yunifomu ya mtoto tumeshapeleka kwa fundi, kesho ni Jumanne ya nne.